UKITENGENEZA SABUNI, UMEKUWA KIWANDA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Ndiyo maana nimeishika kalamu leo. Wengi wenu mtakumbuka mdahalo wetu wa muhula wa kwanza, hoja ikiwa: "Sabuni na dawa za usafi za kujitengenezea nyumbani ni bora kuliko za dukani." Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande ulioiunga mkono. Tuliwashinda wapinzani wetu vibaya sana. Nilipigiwa makofi, na kuna wale walionibandika jina la "Bi. Sabuni" ambalo limenigandama hadi leo. Sasa nataka kusema jambo ambalo sikulisema siku ile. Sikulisema kwa kuwa sikulijua. Nimelijua baadaye, na nimelijulia pabaya.

Lakini kwanza nisieleweke vibaya. Sijahama upande. Yale niliyoyasema mdahaloni bado nayaamini, na kwa faida ya wale wa Kidato cha Kwanza ambao siku hiyo walikuwa wakisinzia nyuma ya bwalo, nitayarudia kwa ufupi.

Nyanya yangu anaishi Machakos. Tangu nimjue hajawahi kununua unga wa kusugulia sufuria. Yeye huchota jivu la kuni mekoni, akalitia maji kidogo, akachukua kipande cha gunia, basi. Sufuria zake hung'aa hata unaweza kujitazama uso. Zamani nilidhani ni umaskini tu. Nilipoingia Kidato cha Kwanza na kufundishwa asidi na alkali, nikaona kumbe nyanya ni mwanakemia. Jivu la kuni lina chumvi iitwayo potasiamu kaboneti. Maji yake huteleza vidoleni kama sabuni, na ukiyatia karatasi nyekundu ya litmasi hugeuka buluu. Hiyo ni alkali, na alkali huyaachisha mafuta yaliyoshika. Zile chembechembe za jivu nazo hukwangua masizi. Sharti liwe jivu la kuni safi, si la jaa lililochomewa plastiki na betri.

Ndimu na siki ni kinyume chake, ni asidi. Hapa kwetu Athi River maji mengi ni ya visima vya kuchimbwa kwa mashine, na kila mtu anaujua ule ukoko mweupe unaoshika ndani ya birika. Wengine huukwangua kwa kisu mpaka birika linatoboka. Kwa nini? Tia maji, kamulia ndimu mbili au mimina siki kidogo, chemsha, acha lipoe, kisha suuza. Utaona viputo vikipanda. Ni kaboneti inayeyushwa na asidi, jambo lilelile tulilolifanya katika maabara tukaliandikia ripoti na kulisahau.

Maji hayo hayo magumu ndiyo yanayotulia sabuni. Unapaka kipande kwenye shati, povu halitoki, badala yake unaona utando mchafu unaelea kwenye karai. Ukitia magadi kidogo kwenye maji kabla ya kufua, maji hulainika na kipande cha sabuni kinadumu. Na magadi si kitu cha kuagizwa ng'ambo, maana yanatoka Ziwa Magadi, katika kaunti yetu jirani ya Kajiado.

Rafiki yangu aliyehamia hapa kutoka Mombasa aliniambia kuwa kwao vyombo vya shaba husuguliwa kwa ukwaju, na masufuria kwa makumbi ya nazi. Akaongeza kuwa msasa, kabla ya kuwa karatasi ya fundi seremala, ni mti wenye majani makavu yanayokwaruza, na watu waliyatumia majani hayo kulainishia mbao. Kwa hivyo hata kamusi yetu inayakumbuka mambo ambayo sisi wenyewe tumeyasahau!

Kisha nikamalizia kwa sabuni ya maji. Mwaka 2020, korona ilipoingia nchini, mama alipoteza kibarua chake. Chama chao cha akina mama kikamleta mtu wa kuwafunza kutengeneza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na mikono. Nikiwa mdogo nilikuwa nikikoroga tu. Siku hizi najua kuitengeneza mwanzo hadi mwisho. Furushi la malighafi ya lita 20 tulilinunua mara ya mwisho kwa shilingi 850. Piga hesabu: lita moja ni shilingi 42 na senti 50. Chupa ya nusu lita tuliyokuwa tukiinunua dukani ilikuwa shilingi 150, maana yake lita moja ni shilingi 300. Mara saba! Niliposema hivyo mdahaloni, hata mwalimu wa zamu alitoa kalamu akaandika.

Hayo ndiyo niliyoyasema. Sasa sikilizeni nililoliacha.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Mei. Mama alikuwa sokoni. Niliamua kutengeneza sabuni peke yangu, kwani si nimeshinda mdahalo? Katika furushi lile kuna vitu ambavyo ni vikali kabla ya kuchanganywa. Kuna asidi nzito ya rangi ya kahawia, na kuna kostiki ya kuipunguza makali. Kostiki ile ilikuja katika kifuko cheupe kisichokuwa na hata herufi moja. Niliiyeyusha katika ndoo ya plastiki, nikatumia kiasi nilichohitaji. Iliyobaki nikaona ni hasara kuimwaga. Nikaitia katika chupa ya soda ya nusu lita. Sabuni ilipokuwa tayari, nikaijaza mitungi, na ile iliyozidi nikaitia katika chupa nyingine ya soda. Ilikuwa ya kijani kibichi, inanukia tufaha. Chupa zote mbili nikazisukuma uvunguni mwa kitanda, ubavuni mwa mtungi wa maji ya kunywa. Nyumba yetu ni ya chumba kimoja. Uvungu ndio stoo.

Ndugu yangu, kitindamimba wetu mwenye umri wa miaka minne, alikuwa akicheza uwanjani mwa ploti. Jua lilikuwa kali. Akaingia na kiu yake, akainama uvunguni, akaona soda.

Nilisikia akikohoa. Nilipofika, povu lilikuwa likimtoka kinywani na puani, macho yamemtoka, hawezi hata kulia. Chupa ya kijani ilikuwa chini imemwagika. Jirani mmoja akaja mbio. "Mtie vidole kooni atapike! Lete mafuta ya kupikia!" Mwingine akasema apewe maziwa. Mimi nilikuwa nimeganda kama jiwe. Mwenye bodaboda aliyekuwa langoni ndiye aliyesema, "Jameni, mtoto apelekwe hospitali, mengine baadaye." Nikambeba. Sijui ni akili gani iliyonituma niichukue na ile chupa, lakini niliichukua.

Hospitalini daktari alimgeuza ubavu, akampangusa, akamsikiliza kifua. Kisha akaishika chupa, akaigeuza huku na huku, akaninusia. "Hii ni ya kampuni gani?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyeitengeneza."

Akanitazama kidogo. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Akauliza, "Ndani yake kuna nini, na kiasi gani?"

Wenzangu, mimi Bi. Sabuni, mshindi wa mdahalo, sikuwa na jibu. Nilijua majina ya dukani tu, yale ya kuombea furushi. Kostiki niliitia kwa kukadiria. Sikuwa nimeipima sabuni ile kwa litmasi wala kwa chochote.

Ndugu yangu alilazwa usiku mmoja, akarudi nyumbani. Yu mzima, anatusumbua kama kawaida, namshukuru Mungu. Daktari alitueleza kuwa sabuni ya vyombo kwa kawaida haimuui mtu ikiwa tumboni. Hatari yake ni lile povu kuingia mapafuni, na ndiyo maana si vizuri kumlazimisha mtoto kutapika. Kisha nikamweleza habari ya chupa ya pili. Akanyamaza kwanza. Akasema kuwa kostiki huunguza koo na umio mara moja, na kwamba mtoto akiinywa anaweza kufa, au aishi bila kuweza kumeza chakula vizuri. Ukimtapisha, inamuunguza mara ya pili ikipanda. "Alichagua ile ya rangi," akasema. Basi. Ndugu yangu yuko hai kwa sababu anapenda rangi ya kijani.

Tangu siku hiyo nimefikiria sana, na haya ndiyo maoni yangu. Tunapojisifu kwamba sabuni yetu ni rahisi mara saba kuliko ya dukani, tunasahau kuwa sehemu ya zile shilingi 300 hailipii sabuni. Inalipia chupa isiyofanana na ya soda, karatasi yenye maandishi, na mtu wa kupima kila pipa kabla halijatoka. Sisi tumeziweka pesa hizo mfukoni, lakini kazi ile hatukuifanya. Ukitengeneza sabuni, umekuwa kiwanda. Huwezi kuchukua faida ya kiwanda ukakataa wajibu wake.

Wajibu huo ni upi? Kwa maoni yangu ni mambo manne.

La kwanza ni chombo. Chupa ya soda, ya maji, ya juisi au ya mafuta ya kupikia isitiwe dawa yoyote ya usafi, hata kwa dakika tano. Mtoto hasomi, yeye hutambua umbo na rangi. Hata baadhi ya watu wazima wakiamka usiku na kiu hawawashi taa. Tumia mtungi mkubwa, au chupa iliyokuwa ya sabuni tangu mwanzo.

La pili ni jina. Kila chombo kiandikwe kilichomo, tarehe, na kama kinaunguza. Kalamu ya wino usiofutika haifiki bei ya soda.

La tatu ni mahali. Najua wengi wetu nyumba zetu hazina kabati la kufungwa kwa ufunguo. Kwetu tumepigilia ubao juu ya mlango, mahali ambapo hata mimi hufikia kwa kupanda kiti. Na kostiki haibakizwi tena. Tunanunua ya kutosha mara moja, ikiisha imeisha.

La nne, na ndilo kubwa, ni ujuzi wa vitu visivyochanganywa. Kidato cha Tatu tumefundishwa gesi ya klorini. Ni gesi ileile iliyotumiwa kuwashambulia askari huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Ajabu ni kwamba unaweza kuitengeneza chooni mwenu bila kujua. Ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo sisi huiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine, ukiichanganya na dawa ya choo yenye asidi, au hata na siki au ndimu, hutoa klorini. Ukiichanganya na amonia hutoa gesi nyingine mbaya. Mwaka jana mama mmoja wa ploti yetu alifanya hivyo, akidhani dawa mbili ni bora kuliko moja. Alitoka akitambaa, machozi yanamtiririka, akakohoa siku nzima. Choo kilikuwa safi, lakini mwenye kukisafisha nusura atutoke.

Kostiki nayo ina sheria yake, na naomba muikariri kama shairi: kostiki hutiwa majini, maji hayatiwi juu ya kostiki. Hupata moto, na ukikosea inaruka usoni. Vaa glavu. Usiitie kwenye sufuria ya alumini, kwa sababu huila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Plastiki nzito inatosha.

Kuna na upotevu mwingine ambao si hatari, ni ujinga tu. Wengine huchanganya siki na bekingi soda, povu likipanda wanashangilia eti uchafu unakufa. Zinazokufa ni hizo dawa mbili. Asidi na alkali zikikutana humalizana nguvu, unabaki na maji ya chumvi. Tumia moja kwanza, suuza, kisha nyingine ikibidi. Na tusidanganyane kuwa ndimu na siki hutosha kila mahali. Siki ni nzuri kwa birika, lakini penye hofu ya kipindupindu, hiyo dawa ya klorini ndiyo inayotakikana, baada ya uchafu kuoshwa kwa sabuni, na peke yake. Nyumbani kwetu sasa kila kitu kina kazi yake: jivu kwa sufuria, ndimu kwa birika, magadi kwa maji ya kufulia, sabuni ya maji kwa vyombo na mikono, na klorini kwa choo.

Najua wapo watakaosema, "Unaona sasa? Si tulikwambia? Waachie wenye viwanda!" Hao ni wapinzani wangu wa mdahalo, nami nawaona wakitabasamu. La hasha! Nawajibu hivi. Mama yangu hatarudi kununua ya shilingi 150 kwa sababu mimi nimeandika makala. Wala jirani zake. Mwenye nacho ataenda dukani, asiye nacho atatengeneza, na watoto wa asiye nacho ndio wenye kuinama uvunguni. Ukimwambia mtu maskini aache tu, hujamsaidia. Mfundishe afanye vizuri. Isitoshe, hata sabuni ya kiwandani huuzwa kwa kupimiwa vibandani, na unaipimiwa kwenye nini? Kwenye chupa ya soda uliyokuja nayo kutoka nyumbani. Kwa hivyo chupa ndiyo adui, iwe sabuni ni yangu au ni ya kampuni. Na anayetengeneza ili auze, sheria ya nchi inamtaka kupata alama ya ubora ya Shirika la Viwango, na mimi naona ni haki.

Sasa nageukia shule yetu, na walimu wanisamehe. Tangu tukiwa watoto wadogo tunapiga deki, tunafua, tunasugua vyoo. Gesi ya klorini tunaisubiri hadi Kidato cha Tatu. Sabuni yenyewe, tunaambiwa, iko Kidato cha Nne. Sasa yule anayeacha masomo Kidato cha Pili kwa ukosefu wa karo ataisomea wapi? Yeye ndiye atakayeitengeneza!

Tena tazameni pale karibu na vyoo vyetu. Kuna mitungi miwili ya kunawia mikono iliyowekwa wakati wa korona. Maji yapo siku nyingine, sabuni haipo kabisa. Kila muhula tunaambiwa pesa hazitoshi. Napendekeza tuitengeneze wenyewe, lita 20 kwa mwezi, katika maabara, chini ya mwalimu wa kemia, mizani ikiwepo na litmasi ikiwepo. Kila mwanafunzi apate zamu yake angalau mara moja kabla hajamaliza shule. Tutaokoa pesa, tutanawa mikono, na siku daktari akituuliza ndani yake kuna nini, tutamjibu.

Na sisi wa Chama cha Kiswahili tusikae kama watazamaji. Mkebe wa asidi tulioununua ulikuwa na onyo, tena la herufi kubwa, lakini lilikuwa la Kiingereza kigumu. Nyanya yangu hakijui Kiingereza. Mama anakijua kidogo, lakini neno lile hakulijua, na mimi mwenyewe nililipata kwenye kamusi baada ya mambo kuharibika. Kwa Kiswahili kitu kinachounguza na kula namna hiyo huitwa babuzi, lakini hata neno hilo ni la vitabuni. Kwenye chupa inatosha kuandika: HATARI. HUUNGUZA. USINYWE. MTOTO ASIGUSE. Hebu tuandike karatasi hizo wakati wa mikutano yetu, kwa mwandiko mzuri, kila mmoja azipeleke nyumbani kwao na kwa majirani watano. Tumeandika mashairi mengi ya kuisifu lugha hii. Itumieni basi iokoe koo la mtoto.

Kwetu tulianza siku ileile tuliyorudi kutoka hospitali. Mama alininunulia kalamu ya wino, akaketi kitandani, ndugu yangu amemlalia mapajani, akanisomea vyombo kimoja kimoja nami nikaviandika. Tulipomaliza, ndugu yangu akaniuliza ule mtungi wa kijani nimeuandika nini. Nikamwambia, "Sabuni. Usinywe."

Akasema, "Mimi siwezi kunywa. Si tamu."

Tukacheka wote. Lakini usiku huo mimi sikupata usingizi. Kinga ni bora kuliko tiba, wenzangu. Tengenezeni, okoeni pesa, msione haya kwa jivu wala ndimu. Ila kabla ya kukoroga, jiulizeni kama mko tayari kuwa kiwanda.